Daktari anayesoma simu kwa sauti

Saa mbili na robo asubuhi mvua inapiga mabati ya kituo cha afya cha Nyakashozi, wilayani Muleba. Ndani ya wodi ya wanawake, Dkt. Judica Mushumbusi amepiga goti sakafuni mbele ya bibi aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono wa kushoto ameshika rula ya plastiki, ameilaza kando ya kidonda kilicho juu ya kifundo cha mguu. Mkono wa kulia ameshika simu.

"Bibi, napiga picha kidonda peke yake. Uso siugusi. Unaniruhusu?"

"Piga. Lakini nami nionyeshe."

Picha inapigwa. Bibi anaivuta simu karibu na macho, anaitazama kwa muda mrefu, kisha anaguna.

"Humu kimekuwa kizuri kuliko mguuni."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanacheka. Judica naye anacheka, huku kidole gumba kikiandika haraka: mwanamke, zaidi ya miaka sabini, kidonda cha miezi mitatu, hakina maumivu, hakiponi. Jina haandiki, wala kijiji. Anatuma.

Hazijapita dakika mbili simu inalia. Judica anainuka, anaketi kitandani ubavuni mwa bibi, anageuza kioo cha simu ili wote wawili wakione, kisha anasoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili halafu kwa Kihaya.

"Anasema, 'Muulize kama vidole vya miguu vinahisi.'"

"Nani anauliza?"

"Daktari mwenzangu, bibi. Yuko Bukoba mjini. Anaitwa Riyadhi."

"Mtoto wa nani?"

Daktari mwingine angepita juu ya swali hilo. Judica analiandika kama lilivyo na kulituma. Jibu linarudi pamoja na alama ya kicheko: yeye ni mtoto wa mzee Twaibu, fundi cherehani.

"Twaibu!" Bibi ananyoosha mgongo. "Alinishonea gauni la harusi ya binti yangu. Basi huyo namjibu. Vidole havina habari tangu Pasaka. Nilinyamaza kwa sababu haviumi."

Judica anageuka na kumwita muuguzi alete kipimo cha sukari. Tone la damu linatoka kidoleni, mashine inahesabu, kisha inatoa namba: kumi na tisa nukta nne. Mwanamke huyu anaishi na kisukari, pengine kwa miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwambia.

"Hicho hapo!" Judica anasema, na sauti inamtoka juu kuliko alivyokusudia. "Hicho ndicho kilichokuwa kinakizuia kidonda!"

Hivi ndivyo anavyofanya kazi daktari huyu wa miaka ishirini na tisa. Lakini leo ni Jumanne, na Ijumaa kamati ya usimamizi wa kituo itakutana kuamua kama simu yake itaendelea kuingia wodini, au itafungiwa ndani ya droo ya mganga mfawidhi kila asubuhi hadi muda wa kazi uishe.

Judica ni mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Audax Mushumbusi, mkulima wa kahawa na migomba huko Kaagya, Bukoba Vijijini. Baba yake ni mzee wa usharika wa Kilutheri, mtu wa maneno machache, ambaye mpaka leo anatumia simu ya vitufe na huizima akishamaliza kuongea ili isichoke.

Yeye mwenyewe alipata simu ya kisasa akiwa mwaka wa pili wa chuo, jijini Mwanza. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. "Nilisomea moyo na mapafu nyuma ya ufa ule," anasema. "Mpaka leo nikikumbuka picha ya moyo, naukumbuka na mstari katikati."

Alipopangiwa Nyakashozi miaka mitatu iliyopita, alikuta kituo kinapokea wagonjwa sitini hadi themanini kwa siku. Madaktari ni wawili, na mmoja wao, Dkt. Kahigi Rugaibula, ndiye mganga mfawidhi. Vikao na ripoti humpeleka Muleba mjini karibu kila wiki. Hospitali ya mkoa iko zaidi ya kilomita themanini.

"Chuoni ulikuwa ukikwama unageuza shingo, mwalimu yuko nyuma yako," Judica anasema. "Hapa niligeuza shingo nikaona ukuta."

Ndipo yeye na Riyadhi, aliyesoma naye darasa moja, walipoanzisha kundi la WhatsApp na kuliita Zamu Yetu. Walianza wanane. Leo wamefika arobaini na watatu, karibu wote wako chini ya miaka thelathini na mitano, wametawanyika Bukoba, Muleba na wilaya za jirani. Wapo wachache walioendelea na masomo ya ubingwa Mwanza na Dar es Salaam, lakini hawajaondoka kwenye kundi.

Sheria zao zinatosha kwenye ukurasa mmoja. Uso hauonekani. Jina haliandikwi. Mgonjwa akikataa, picha haipigwi. Picha haitoki nje ya kundi, na ikishajibiwa inafutwa. Mwaka jana daktari mmoja, mtu wanayempenda, alimtumia mchumba wake picha ya mkono wenye upele, kwa mzaha tu. Waliongea naye kwa upole, kisha wakamtoa.

"Nililia," anasema Judica. "Halafu nikabonyeza."

Kila mwezi simu inamla karibu shilingi elfu kumi na tano za bando kutoka mfukoni mwake. Halalamiki juu ya hilo. Kinachomng'arisha uso ni kusimulia kisa kimoja baada ya kingine, mikono ikipaa hewani: mtoto aliyedhaniwa ana malaria kumbe amepachika punje ya maharagwe puani, mama aliyepumua vizuri baada ya mtu wa mbali kusema "mgeuze alalie kushoto".

Na utani haukosekani. Riyadhi humwita Judica "Mheshimiwa". Mtu akiuliza jambo lililoko kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza, hujibiwa kwanza, kisha huambiwa anadaiwa mkungu wa ndizi.

Mambo yaliharibika Agosti. Mwanamke mmoja aliyelazwa kwa shinikizo la damu alishuka kitandani, akavaa viatu, akaondoka zake. Alipofika nyumbani alisema: "Siwezi kulala pale nafa huku daktari anachati na mpenzi wake."

Judica hakuwa na mpenzi wa kuchati naye. Alikuwa akiulizia dozi ya dawa. Lakini kwa mtu aliye kitandani, daktari aliyeinamia simu na kutabasamu ana maana moja tu.

Muuguzi mkuu wa kituo, Mwamvita, mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyezaliwa Bukoba mjini katika ukoo uliotoka pwani, alikuwa upande wa mgonjwa.

"Simu sikuichukia," anaeleza, akikunja shuka bila kutazama mikono yake. "Nilichukia kuongea na utosi. Namwambia 'Dokta, presha ya kitanda cha tano imepanda', naye ananijibu 'ehee' bila kuinua kichwa. Kwetu hata muuza vitumbua akikupa chenji anakutazama usoni."

Malalamiko yalifika kwenye kamati, ambayo wajumbe wake ni wanakijiji wenyewe. Wakaamua: simu zote ndani ya droo wakati wa kazi. Judica aliomba apewe hadi mwisho wa Novemba. Aliahidi kwamba kila ujumbe unaomhusu mgonjwa atausoma kwa sauti mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

"Neno la kwanza hadi la mwisho," Dkt. Rugaibula alirudia mbele ya wajumbe. "Umejifunga mwenyewe, binti."

Miezi miwili ikapita vizuri. Wagonjwa walizoea, kisha wakaanza kupenda. Wengine walituma salamu. Mzee mmoja aliuliza kama wale wa kwenye simu wanaweza kumshauri kuhusu ng'ombe wake. Mwamvita mwenyewe alianza kuuliza, "Wamesemaje wenzako?"

Kisha ukaja msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa.

Asubuhi moja ya Novemba, saa tatu kasoro, bodaboda iliingia uani kwa kasi ikiwa na watu watatu. Katikati alikuwa mzee Kahangwa, mkulima wa kahawa wa miaka sitini na saba, kichwa kimelegea. Nyuma yake, akiwa amemkumbatia kiunoni ili asianguke, alikuwa mkaza mwanawe, Kokuhirwa, aliyeolewa katika nyumba hiyo mwezi wa sita. Mumewe alikuwa safarini Mwanza.

Mzee alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka ziwani. Mate yalimtiririka bila kukoma. Alitapika. Misuli ya mashavu ilichezacheza yenyewe, na kifua kilikoroma. Mapigo ya moyo yalikuwa arobaini na manne. Judica alipofunua kope alikuta mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Nilijua nimewahi kusoma kitu hiki," anasema. "Nilijua kipo kichwani, ila sikuwa nimewahi kukiona kwa macho. Jina lake halikuja."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Bukoba na mama mjamzito. Dkt. Rugaibula alikuwa Muleba mjini kikaoni. Judica aliandika mstari mmoja, akatuma, akampachika mzee oksijeni na kuanza kumfyonza mate kooni.

Wakati huo majirani walikuwa wameshafika kwa miguu na pikipiki, na kama ilivyo ada mgonjwa anapozidiwa, waliingia naye ndani. Walikuwa kumi na watano hivi, wamejipanga ukutani, mlango uko wazi.

Simu ikalia: ujumbe wa Riyadhi. Ilikuwa kwenye meza ndogo kando ya kitanda. Judica, mikono ikiwa kazini, aliinama akasoma kama alivyoahidi, kwa sauti, neno la kwanza hadi la mwisho:

"'Judi, hii ni sumu. Nusa nguo zake. Atropini sasa hivi.'"

Watu wote wakageuza macho kumtazama Kokuhirwa.

Jana yake jioni alikuwa amemletea baba mkwe senene. Katika nyumba ile bado wanashika desturi ya zamani: senene wa kwanza wa bi harusi mpya huliwa na baba mkwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mwanamke aliyewakaanga haonji. Mzee aliwafurahia. Alibakiza wengine akawamalizia asubuhi na chai.

"Senene!" jirani mmoja alipaza sauti. "Alimpa senene!"

"Na wewe mbona hukula?" mwingine akamuuliza binti.

"Mwanamke hali. Nyinyi ndio mliniambia."

"Basi umetuulia mzee!"

Mwamvita aliingia kati yao na Kokuhirwa, mikono imetandazwa, akasema kwa sauti ambayo wauguzi wa Nyakashozi wanaiiga hadi leo: "Anayetaka kupigana atoke nje! Humu tunapigana na kitu kimoja tu!"

Judica alikuwa amesikia kila neno. "Nilielewa palepale nilichofanya," anasema. "Nimemtibu mmoja na kumhukumu mwingine kwa sentensi moja. Lakini mzee alikuwa anazama mbele yangu. Nikasema, Judica, kwanza pumzi."

Kituo kilikuwa na vichupa vinane vya atropini, dawa inayokabili sumu ya aina hiyo. Riyadhi alipiga simu, ikawekwa sauti ya juu. Alikuwa ameisukuma chai yake kando kwenye kantini ya hospitali mjini.

"Mheshimiwa, anza na viwili. Dakika tano. Kifua kisipokauka, mara mbili yake. Usihangaike na macho, sikiliza kifua."

Viwili. Dakika tano. Kifua kilikoroma vilevile. Vinne. Mwamvita na mhudumu walimvua mzee nguo na kumwosha kwa maji na sabuni. Nguo, zilizolowa matapishi, zilinuka harufu kali, ile ambayo kila mtoto wa mkulima wa kahawa anaijua. Dakika tano nyingine. Mkoromo ulipungua kidogo, mapigo yakapanda hadi hamsini na sita.

"Sasa vinane," alisema Riyadhi.

"Nina viwili."

Kwenye kundi ujumbe ulikuwa umeshatoka kwa herufi kubwa: NANI ANA ATROPINI KARIBU NA NYAKASHOZI? Majibu yalishuka mfululizo. Mmoja anavyo vitano, lakini yuko mbali. Mwingine hana. Kisha Dkt. Najibu, anayefanya kazi upande wa Rubya, akaandika: "Thelathini. Nimempa bodaboda. Ameondoka."

Wale waliokuwa kwenye kundi siku ile wanasema hakuna mpira wa miguu uliowahi kuwatetemesha vile. Najibu alikuwa akimpigia dereva kila baada ya dakika chache na kutangaza: amepita mteremko, amefika lami, kuna ng'ombe barabarani, wamepita. Watu arobaini walikuwa wanamsukuma mwendesha pikipiki mmoja kwa macho.

Nyakashozi, Judica alichoma vile viwili vya mwisho. Aliendelea kufyonza mate na kuhesabu mapigo. Na katika dakika zile za kusubiri, mikono ikifanya kazi, aliuliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ileile aliyosomea ujumbe, ili wote waliosikia la kwanza wasikie na la pili:

"Kokuhirwa, senene walilala kwenye chombo gani?"

Binti alikuwa amechuchumaa kwenye kona, kanga imefunika mdomo. "Kwenye ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Ya bluu. Niliwaloweka kwa chumvi usiku kucha. Tata, baba mkwe mwenyewe, alinielekeza, akasema ndoo yangu ni ndogo, chukua ile iliyoko nyuma ya ghala la kahawa. Nilikuta ni kavu, nikajua ni safi."

Kwenye ukuta wa majirani, yule aliyepaza sauti kwanza alishusha macho. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Ile ya bluu," alisema taratibu, "mimi na mzee tuliitumia mwezi uliopita. Tulichanganyia dawa ya kupulizia kahawa."

Mwanamke mmoja mzee alijitenga na ukuta, akaenda kona ile, akachuchumaa karibu na Kokuhirwa na kumshika mkono.

Bodaboda kutoka Rubya iliingia dakika ya thelathini na moja. Dereva alikuwa ameifunga bahasha ya dawa kifuani ndani ya koti la mvua. Mwamvita aliipokea akikimbia. Ilipofika saa tano, Judica aliweka kipimo masikioni, akasikiliza upande wa kulia, akasikiliza upande wa kushoto, kisha akarudia kulia kama mtu asiyeamini.

"Kimekauka!" alisema.

Kwenye simu, Riyadhi alipiga ukelele ulioshtua kantini nzima. "Alhamdulillah! Mheshimiwa! Chai yangu imepoa, nakudai nyingine!"

Mchana gari lilirudi na kumpeleka mzee hospitali kubwa zaidi. Baada ya siku tisa alirudi nyumbani kwa miguu yake. Jambo la kwanza alilofanya, wanasema majirani, ni kuikanyaga ile ndoo mpaka ikapasuka.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Judica akabaki shujaa. Lakini yeye hakuisimulia hivyo. Katika ripoti aliyoiandikia kamati, ya kurasa mbili, ukurasa mmoja na nusu unahusu kosa lake: kwamba alisoma neno "sumu" mbele ya umati, na kwamba mwanamke asiye na hatia alikaa karibu nusu saa akiwa muuaji machoni pa watu.

"Niliahidi kusoma kila neno," anasema. "Sikuahidi kufikiri ni nani anasikiliza. Hilo hakuna wa kwenye kundi aliyeniambia. Wao wanaona mboni ya jicho, hawaoni mlango uko wazi."

Riyadhi alimshauri apunguze. "Nilimwambia, Judi, unajikaanga mwenyewe," anakumbuka kwa njia ya simu kutoka Bukoba. "Andika kwamba mgonjwa amepona, basi. Akaniambia nimkumbushe ni sheria gani ya kundi inasema tufiche. Sikuwa nayo."

Ijumaa ilipofika, wajumbe walikaa kwenye mabenchi ya chumba cha kliniki ya watoto. Mwenyekiti, mkulima mwenye mvi za kutosha na sauti ya kutosha, alitaka jambo liishe mapema kwa sababu ana kahawa juani na mawingu anayaona. Mjumbe mmoja alisema simu imeokoa mtu. Mwingine alisema simu hiyohiyo ilikaribia kumuua mwingine. Wote wawili walikuwa na hoja, na kwa muda mazungumzo yalizunguka palepale.

Dkt. Rugaibula aliulizwa anasimama wapi. "Mimi nilisomea vitabu," alisema. "Nikikwama nilikuwa namwomba Mungu na kumwandikia bosi barua. Mungu alikuwa anajibu mapema kuliko bosi." Watu wakacheka. "Lakini sitasema simu ibaki mpaka nimsikie huyu mwanamke."

Kokuhirwa alikuwa ameitwa, na alikuja na baba mkwe wake. Aliwasalimu wakubwa kwa goti, "Shumalamu," kisha akasimama. Mzee Kahangwa alitaka kumsemea, naye akamzuia kwa kumgusa mkono.

"Siku ile daktari alisema sumu na watu wakanigeukia," alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Sijalisahau, na hata leo nikienda kisimani nasikia wananyamaza. Hilo liandikeni."

Katibu akaandika. Judica, aliyekaa mwisho wa benchi, alikuwa ametazama sakafu.

"Sasa andikeni na la pili. Alipouliza habari ya ndoo, aliuliza kwa sauti kubwa vilevile. Angeuliza kwa kunong'ona, nisingetoka chumbani mle na jina langu. Mtu akikosea hadharani na kurekebisha hadharani, huyo mimi namtaka anitibu." Aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. "Mnabishana simu ifungwe au isifungwe. Simu haikunifanya kitu. Nyinyi mlikuwa wengi mno mle ndani. Msifunge simu. Fungeni mlango."

Mwenyekiti akageukia wajumbe. "Kuna mwenye la kuongeza juu ya hilo?"

Uamuzi uliandikwa kwa mistari minne. Simu inabaki. Ujumbe utasomwa kwa sauti kama awali, lakini mlango ukiwa umefungwa, mbele ya mgonjwa na ndugu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Majirani watasubiri kwenye benchi la nje, hata mgonjwa awe nani. Na mwenyekiti mwenyewe atazunguka kwenye mikutano ya vitongoji kuwaeleza wakulima juu ya ndoo za dawa ya kahawa.

Nje, mvua ikiwa imeanza kudondoka na mwenyekiti akikimbilia kahawa yake, Judica alimfuata Kokuhirwa hadi getini. Walichoongea hakikusikika. Mzee Kahangwa, aliyekuwa anawasubiri chini ya paa, aliwatazama na kusema kwa Kihaya, "Mwakola," akiwashukuru wote wawili kwa pamoja.

Judica hakupumzika hata saa moja. Alirudi ndani, akavuta kiti, akafungua daftari. Tangu siku ya atropini amekuwa akiandaa orodha ya dawa za dharura: ni kituo gani kina nini, kiasi gani, na ni nani wa kupigiwa. Ameshakamilisha vituo kumi na vinne. Anataka kila Jumatatu kila mwanachama atume hesabu yake, ili siku nyingine mtu asilazimike kuuliza kwa herufi kubwa.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Baada ya kamati kupitisha uamuzi wake, Dkt. Rugaibula amekubali kuandika barua wilayani kuomba kundi liwapokee watabibu wa zahanati za visiwani, wale wa Muleba ya ndani ya ziwa, ambao boti ikikosa hali nzuri ya hewa hukaa siku mbili au tatu bila njia ya kutoa rufaa. Wa kwanza, binti aliyemaliza chuo mwaka huu, ameingizwa Ijumaa hiyohiyo jioni kwa majaribio.

Ujumbe wake wa kwanza ulifika saa kumi na moja na dakika tano. Judica aliusoma akiwa amesimama katikati ya uwanja wa kituo, mvua ikimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa.

"Shikamooni. Samahanini sana kuwasumbua. Nina swali dogo, najua ni la kijinga, msinicheke."

Kabla hajamaliza kuusoma, juu ya kioo ilionekana kwamba watu saba tayari wanaandika.

"Umeona?" anasema Judica, macho yakimng'aa, akifuta matone ya mvua kwenye kioo kwa ukingo wa koti jeupe. "Wataanza kumjibu sasa hivi, wote kwa pamoja, mpaka achanganyikiwe! Lakini mimi nataka tufike mahali pengine. Nataka ifike siku ambayo mtu aliye peke yake kisiwani ana mgonjwa mbele yake, anaandika swali lake, na haanzi kwa kuomba samahani."

Anainamisha kichwa. Naye anaanza kuandika.